Kifuniko cha Buli la Jiwe la Mizani

Espérance na Halima, mliponiaga mwezi uliopita kwa keki na maua, mliniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa kabla yenu. Nimekaa hapa jikoni kwangu Schaerbeek, Brussels, wiki ya nne sasa, na kila nikianza najikuta nimefika kwenye kifuniko kimoja. Basi nitaandika kwa mpangilio, kama nilivyokuwa nikiwadai wanafunzi wangu, lakini mjue tangu mwanzo kwamba ninaelekea huko. Nilimharibia mtu kitu ambacho hakina cha pili duniani, kisha nikaishi miaka nikingoja anisamehe. Mengine yote ni maelezo ya vifaa.

Nitaandika buli, kama Halima anavyosema, ingawa Espérance na mimi tumezoea birika. Kwa umri huu sitaki kusahihishwa.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la nne Bukavu. Hapa Ubelgiji cheti changu kilifaa kufungia karanga, kwa hiyo nilishika ndoo kama wenzangu wengi. Shirika la usafi lilinituma kwenye duka la mabuli ya Kichina katika kichochoro kinachotoka Chaussée d'Ixelles, duka mbele, karakana nyuma, kama mnavyolijua. Mwenyewe alikuwa Papa Shen, mtu mwembamba aliyefunga miwani yake kwa uzi shingoni. Hata salamu hakumaliza. Alichukua ndoo yangu, akainusa, akatoka nje akamwaga maji yote kwenye mfereji wa barabarani.

"Sabuni hapana," akasema. "Udongo unakula."

Kifaransa chake kilikuwa cha maneno machache, na changu wakati ule hakikuzidi sana, ndiyo maana tulielewana. Udongo wa Yixing kule China, ule wa zambarau, haupakwi rangi wala ile dawa ya kung'aa kama kioo. Unakunywa kila unachoupa. Ukiuosha kwa sabuni, mteja atakunywa sabuni mwezi mzima. Siku ile sikujua hayo, nilidhani tu kwamba mzee ni mchafu. Nilirudi nyumbani nikawaambia watu nimepata kazi kwa bwana asiyeosha vyombo.

Kilichonitoa kwenye ndoo ni ualimu. Baada ya miezi michache nilichoka kuona rafu zimechanganyika, nikazipanga: mabuli ya mviringo juu, ya pembe katikati, marefu chini. Papa Shen alikuja, akatazama, akaanza kuyashusha yote. Nikajua nimefukuzwa. Kumbe alikuwa anayapanga upya mezani, na kila alipoweka buli aliniambia ni sura ya kitu gani.

Hili ni ukingo wa kisima, akasema, kisima cha zamani cha jiwe, na mpini wake uko kama mtu aliyeinama kuteka maji. Hili ni kata ya jiwe, pana chini, nyembamba juu, ina vijiguu vitatu. Hili ni kigae cha paa la nyumba za wafalme walioondoka zamani. Hili ngoma, tazama ngozi ilivyovutwa. Hili ni jiwe la mizani, la wakati mfalme mmoja alipotaka nchi nzima ipime kwa jiwe moja. Visima vilifukiwa, paa zilianguka, mizani ilitupwa. Wafinyanzi wakazichukua zile sura wakazitia chai ndani. Nilikuwa nimefundisha maumbo miaka kumi na moja, duara na pembetatu, na sikuwahi kufikiri kwamba umbo linaweza kuwa kumbukumbu ya kitu kilichopotea.

Nikamwuliza kama naweza kujifunza. Akanipa kifuniko kilichokataa kuingia na kijiko cha unga wa msasa.

Kazi yenyewe mmeiona kwa mbali, lakini nitaieleza kwa sababu mpwa wa Papa Shen, anayeshika duka sasa, haifundishi tena. Kifuniko na buli vinafinyangwa pamoja na kuchomwa pamoja, kisha tanuri linavipinda kila kimoja upande wake. Unatia unga na tone la maji kwenye mdomo wa buli, unaweka kifuniko, unazungusha. Hukandamizi. Mkono unabeba uzito wake tu. Mwanzoni sauti ni ya kukwaruza, baadaye inakuwa ya kunong'ona, na ikinyamaza unaacha, kwa sababu mzunguko mmoja wa ziada ni hasara isiyorudi. Kisha unajaza maji, unamimina, unaziba kwa kidole kitundu cha juu ya kifuniko. Maji yakikatika papo hapo, umemaliza. Yakidondoka hata tone, kaa chini uanze tena. Hakuna buli lililotoka mlangoni kwetu bila kupita mtihani huo, na nilifeli miezi minane mfululizo. Nilijifunza pia kuwahurumia wale niliowaandikia sufuri kwa wino mwekundu.

Papa Shen hakufundisha kwa mdomo. Ukikosea alichukua kifuniko mkononi mwako, akakiweka upande, akakupa kingine. Mwisho wa siku vilivyokuwa upande vilikueleza hali yako.

Kesi ngumu zilikuwepo. Kulikuwa na daktari wa meno aliyegandisha kifuniko cha buli la ngoma kwa gundi ya kazini kwake, ile ya meno, na akaja akiwa na fahari. Wiki mbili nilikivizia kwa mvuke na uzi. Kulikuwa na mabuli "ya kale" yaliyoletwa na watu wa mnada, yanang'aa vizuri, ukiyatia maji ya moto yananuka dawa ya viatu. Papa Shen alinifundisha kunusa kabla ya kutazama. Na kulikuwa na maman mmoja wa Kikongo aliyeingia kwa kukimbia mvua, akauliza haya madude yanauzwa kwa nini ghali na wala hayatoshi chai ya watu wawili.

Sasa nifike.

Papa Shen alikuwa na buli lake mwenyewe, la sura ya jiwe la mizani, la rangi ya ini, dogo kama ngumi. Alikunywa nalo kila asubuhi kabla hatujafungua. Na kifuniko chake kilicheza. Kila alipomimina kiligonga, tik, tik, akawa anakishika kwa kidole ili kisianguke. Mtu aliyekataa kutoa buli la mteja kwa ajili ya tone moja, la kwake lilikuwa linagonga kama meno ya mtu mwenye homa. Sauti ile iliniudhi miaka kumi na miwili. Nilidhani ni ile hali ya fundi viatu anayetembea na soli iliyotoboka. Sikuwahi kumwuliza, na hilo ndilo kosa la kwanza, kwa sababu kuuliza ni bure.

Nilijua alikuwa mjane. Nilijua mkewe aliitwa Lan na alifariki kabla sijafika. Basi, hayo tu. Hatukuwa watu wa kuulizana nyumbani. Naye pia hakuwahi kuniuliza nani alibaki Bukavu, na nilimshukuru kwa hilo.

Kisha akapelekwa hospitali kutengenezwa nyonga, akaniachia funguo kwa wiki tatu. Mchana mmoja nilikwenda kusuka nywele Galerie d'Ixelles, kwa Maman Faida, ambaye tumetoka naye mtaa mmoja Bukavu na ambaye ana shauri kwa kila kichwa kinachokaa kwenye kiti chake. Nikamwambia nataka kumpa mzee zawadi akirudi, sijui nini, labda maua.

"Fleurs?" akasema. "Fleurs zinakufaka, Nabintu. Si weye njo ulikuwa unaniambia ile kifuniko yake inapiga kelele?"

"Njo inapiga."

"Alors umutengenezee. Weye si fundi sasa? Donc kila asubui akikunywa, anakuwaza. Muntu anakufanyia bien miaka yote ile, na weye haujamurudishia hata kitu."

Simlaumu Faida. Alisema nilichokuwa nataka kusikia, na nilitoka pale nimependeza na nimeamua.

Nilikaa na kifuniko kile siku mbili. Nikakigeuza, nikaona sababu ya kucheza: chini ya ukingo, mahali pamoja, palikuwa na kishimo kidogo, na udongo uliosukumwa pale ulikuwa umevimba pembeni. Mtu alikishika kikiwa kibichi. Ndani ya kishimo kulikuwa na mistari. Niliiona, msije mkadhani sikuiona. Mistari myembamba iliyopinda, ya kidole gumba, kidogo, cha mwanamke au mtoto. Nikatikisa kichwa kama mwalimu anayesahihisha daftari chafu, nikasema moyoni, mfinyanzi gani huyu mzembe.

Nikasaga. Uvimbe ukaisha, nikaona kishimo bado kinabaki kama kovu, nikaendelea, nikakisawazisha ukingo mzima mpaka ukawa sawasawa pande zote. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Nikajaza maji, nikaziba kitundu, yakakatika kama umeyakata kwa kisu. Nikasafisha meza, nikafungua bomba, nikasukuma vumbi lote kwenye sinki. Nilikuwa ninaimba.

Alirudi asubuhi ya Jumatatu na fimbo. Nilikuwa nimechemsha maji tayari. Akakaa, akatia majani, akamimina, na kidole chake kikaenda kwenye kifuniko kama kilivyozoea. Hakikugonga. Akasimamisha mkono. Akamimina tena kidogo. Nilisimama mlangoni nimeshika kitambaa, natabasamu, Mungu anisamehe, natabasamu.

Akakiinua kifuniko, akakigeuza, akapitisha kidole gumba chini ya ukingo. Akauzunguka mara moja. Akauzunguka mara ya pili polepole zaidi. Akavaa miwani, akakipeleka dirishani.

"Vumbi liko wapi?" akauliza.

Sikuelewa. "Vumbi gani, Papa Shen?"

"La hapa. Ulilosaga."

Nikamwambia nimelimwaga kwenye sinki siku tatu zilizopita. Hakupaza sauti. Alikwenda kwenye sinki, akaweka fimbo chini, akapiga magoti na ile nyonga iliyoshonwa majuzi, akafungua bomba la chini kwa mikono. Nilimwambia aache, nitafanya mimi, akanisukuma kwa kiwiko. Likatoka tope la kijivu na zambarau, la mabuli yote tuliyosaga miezi na miezi. Akalitandaza juu ya gazeti. Akalitazama, akaligawanya kwa ncha ya kisu, huku na huku, kana kwamba angeweza kutambua lipi ni lipi. Mteja wa kwanza alipobisha, nilimwambia leo hatufungui.

Ndipo akanieleza, kwa sentensi chache, bila kunitazama. Yeye na Lan walijifunza karakana moja kule Yixing. Lile lilikuwa buli la kwanza la Lan kupewa ruhusa ya kuingia tanurini. Lilipotoka limepinda, mwalimu wao aliamuru livunjwe, ndiyo desturi, na Shen akalificha ndani ya koti. Picha zao zilipotea katika kuhama. Nywele zake, nguo zake, kila kitu kilikwisha kwa njia yake. Kidole kilibaki. Kila asubuhi alikuwa anakishika kifuniko kwa kuweka chake pale kilipokuwa cha mkewe.

Mimi nilitoka Bukavu bila hata picha moja ya mama yangu. Kama kuna mtu Brussels nzima aliyepaswa kuona ile mistari akaacha mkono, ni mimi. Nimelitafakari hilo kila upande na silioni udhuru. Ujinga ungekuwa udhuru, lakini sikuwa mjinga, nilikuwa hodari. Msasa wenyewe ungeshikwa na mwanafunzi angeharibu nusu tu.

Hakunifukuza. Wakati mwingine natamani angenifukuza. Aliendelea kunipa vifuniko, akaendelea kusema bonjour asubuhi na à demain jioni. Lakini buli alilibeba kwenda kwake, na kuanzia siku ile asubuhi alikunywa maji ya bomba kwenye bilauri. Mtu aliyekunywa chai maisha yake yote. Nilijaribu kumwomba radhi kwa njia za pembeni: nilimpikia, nilimletea matunda, nilikuwa wa mwisho kutoka kazini. Alisema merci. Kila mwaka nilijiambia mwaka huu atasema neno, la hasira au la huruma, lolote lile, na kila mwaka ulipita kama ulivyoingia.

Hapo ndipo vilipoanzia vile vikopo vya vumbi mlivyovikuta. Espérance, siku yako ya kwanza ulisimama mbele ya rafu ya nyuma, ukaniuliza, "Maman Nabintu, hizi vumbi zote ni za kufanya nini?" Na Halima akasema kwa adabu yake ya Tanga, "Mama, samahani, hivi vikopo tuvi-label upya au tuvitupe?" Niliwajibu kwa ukali na mkanipa jina, najua, Maman Vumbi. Sasa mmejua. Tangu siku ile sijamwaga vumbi la kifuniko chochote. Kila kimoja kina kikopo chake na jina la mwenyewe. Hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kurudi kuulizia. Sikuwa nategemea warudi. Nilitegemea Papa Shen aone, na aliviona, akapita.

Nyonga haikupona vizuri. Akaacha kuja karakana, mpwa wake akashika duka. Mnajua yaliyofuata: mabuli ya udongo wa kumiminwa kwenye kalibu, yote ndugu mapacha, vifuniko vinakaa vyenyewe bila kuguswa. Mteja anataka sura ya kale isiyo na kasoro ya mtu yeyote. Ukingo wa kisima ambao hakuna aliyeuinamia, jiwe la mizani ambalo halikupima kitu. Nimewaona mkifunga maboksi siku nzima na mikono yenu mizuri. Ningewafundisha kusaga kwa ajili ya nini? Nimeshika ufundi ambao ulipofika kileleni ulifanya lile, na sasa hautakiwi. Mnaniambia Maman utapumzika. Sijui mtu anapumzikaje kutoka kwenye hili.

Mwaka jana mpwa alinipigia kwamba mjomba amelazwa na haamki kitandani. Nilipanda tramu na sentensi moja kichwani, ninairudia kama mtoto anayekwenda kukariri mbele ya darasa. Nilimkuta amekonda, miwani bado shingoni. Nikavuta kiti. Nikasema, "Papa Shen, nakuomba msamaha kwa kile kifuniko." Miaka yote nilikuwa nimezunguka neno hilo, na lilipotoka lilikuwa fupi kuliko nilivyodhani.

Muuguzi aliingia, akabadilisha jagi la maji, akatoka. Kisha Papa Shen akanyoosha mkono, akachukua wangu wa kulia, akaugeuza kiganja juu, akapitisha kidole gumba chake juu ya ncha za vidole vyangu, kimoja kimoja. Hazina kitu. Msasa umekula mistari yote. Ofisi ya komuni walipotaka alama za vidole vyangu kwa kitambulisho, mashine ilinikataa mara tatu. Alikuwa anapapasa polepole, kama anayetafuta, na mimi nikangoja.

"Ilikuwa kazi nzuri, Madame Nabintu," akasema. "Nimetafuta kila asubuhi. Huwezi kujua kwamba mtu alishika pale."

Katika miaka yote ya kufanya naye kazi ilikuwa mara ya kwanza kunisifu. Nikamjibu merci, Papa Shen, kwa sababu ndivyo mtu anavyojibu akisifiwa, na akauachia mkono wangu.